Misalaba Chini ya Niru

Vijana wa kwaya, naandika haya ili mniache.

Jumapili tatu mfululizo mmekaa barazani kwangu hapa Mpendae, mmekunywa chai yangu ya tangawizi mkamaliza na mandazi, na swali lenu halibadiliki: "Babu Danieli, nyinyi wazee mliwashuhudiaje majirani zenu?" Nikisema nilikuwa fundi chokaa, mnatikisa vichwa kama watu wanaomsubiri mgonjwa amalize kuweweseka, kisha mnauliza upya kwa sauti kubwa zaidi. Masikio yangu ni mazima. Mnachotaka nakijua. Mnataka mtu aliyepiga magoti, akalia, akabatizwa, akapewa jina jipya. Sina mtu huyo. Katika miaka yangu yote ya kushika mwiko ndani ya Mji Mkongwe sikumbatiza hata paka. Nilichonacho ni aibu moja kubwa ya miaka ya hamsini, na mkivumilia nitawapa hiyo. Lakini lazima kwanza mjue chokaa, na hapo ndipo mnapoanza kupiga miayo, maana nyinyi mmezaliwa na saruji.

Saruji ina haraka. Inashika leo, kesho unaipanda. Chokaa haiharakishwi na mtu. Mawe ya pwani yanachomwa kwenye tanuri juu ya magogo ya minazi, yanazimwa kwa maji yakachemka na kupiga kelele, kisha yanalazwa shimoni miezi kadhaa. Ikilala vya kutosha, chokaa inakuwa laini kama samli. Isipolala, inakula vidole. Ukutani inawekwa tabaka kwa tabaka: lipu ya kwanza, lipu ya pili, na kila tabaka lazima lipumue kabla ya kufunikwa na jingine. La mwisho ni niru, ile chokaa nyeupe iliyochujwa kwa kitambaa, nyembamba kama ngozi ya ndani ya yai. Kuta za mji ule zinakunywa mvua na kuitema, zinakunywa na kuitema, mwaka baada ya mwaka, na chokaa inaziruhusu. Siri yote ni hiyo. Nimewafundisha vijana wengi siri hii, na karibu wote wameniambia, "Babu, saruji rahisi."

Aliyenifundisha mimi alikuwa Fundi Gabrieli, Mkristo mwenzetu, mtu mfupi mwenye nyusi zilizojaa chokaa hata siku ya Krismasi. Kanisani alikaa nyuma kabisa. Hakuwahi kuombwa asome somo, kwa kuwa hakujua kusoma. Nyinyi mngemwona amepoa. Mimi nilimwona hivyo hivyo, nikamhurumia. Kijana wa miaka ishirini na mbili akimhurumia Fundi Gabrieli! Hata leo nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Nyumba za Mji Mkongwe zimebanana. Ukiwa juu ya paa bapa la nyumba moja unaziona nyua tano: nani anafua, nani amefumua nywele, nani anapepeta mchele na kanga imemshuka begani. Kwa hiyo kabla ya kukanyaga ngazi ya mwisho, Fundi Gabrieli alisimama, akakohoa mara tatu, akapaaza sauti: "Jamani, wanaume juu!" Kisha akahesabu polepole mpaka hamsini. Ndipo tukapanda, macho kwenye miguu yetu. Siku yangu ya pili kazini sikungoja hamsini. Nilipanda, nikamwona bibi mmoja uani kwake anaosha vyombo kichwa wazi, na kwa adabu yangu ya kipumbavu nikamwamkia kutoka juu: "Shikamoo, bibi!"

Marahaba hakusema. Alirusha kata, nayo ikapita karibu na sikio langu.

Fundi hakunigombeza. Alinishika mkono mpaka mlangoni kwa bibi yule, akasimama njiani ameupa mlango mgongo, akaomba radhi yeye mwenyewe kwa kosa langu. Wiki nzima nilikoroga chokaa chini. "Huyo hajakualika umuone," aliniambia. "Kuwa juu yake hakukupi ruhusa." Nilidhani anazungumzia mapaa.

Sikujifunza. Nasema wazi ili msidhani nilikuwa mwanafunzi mwema. Paa bapa la chokaa hupigwa. Watu hukaa safu, wanawake kwa wanaume, kila mmoja na kibao chake, wakalipiga siku tatu mpaka lishikane kama jiwe moja, na kinachowatia nguvu ni nyimbo. Na nyimbo zenyewe, ah! Za kumtania mwenye nyumba kwa uchache wa nazi katika mchuzi wake, za kumsema mke wa fulani. Vibao vinakwenda ta-ta-ta, ta-ta-ta, kama mvua. Mimi nikaona hapa ndipo pa kupanda mbegu. Nikawafundisha watu sita wa mwisho wa safu wimbo wa kanisani. Wimbo wetu ni mzuri, lakini una pumzi ndefu. Kibao kilipanda na "Ee", kikabaki hewani kinangoja "Bwana".

"Danieli!" Fundi alipiga kelele kutoka upande wa pili. "Wimbo wako unalaza chokaa!"

Masika yalipoingia, paa lile lilivuja mahali pamoja tu, na mnajua ni wapi. Mama mmoja aliyeongoza safu alikuja kutazama ndoo iliyowekwa kukinga maji, akasema, "Hapa palipigwa Kikristo." Basi ikawa msemo. Kwa miaka miwili kila paa lililovuja mtaani, hata lile nisilolijua, "lilipigwa Kikristo." Huo ndio ushuhuda wangu wa kwanza, mkitaka kuuandika.

Sasa Bi Ruzuna.

Mimi na mama yangu tulipanga chumba Malindi, karibu na bandari, na jirani yetu ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Ruzuna, mjane, Mwislamu safi, mwenye sauti inayoweza kumwita mtu akiwa gatini. Kila Ramadhani, magharibi ikikaribia, sauti ile ilivuka ukuta. "Danieli!" "Naam, Bi Ruzuna!" "Njoo uchukue, mkono unanichoka." Nikaenda, nikapewa sahani ya futari imefunikwa kawa: muhogo wa nazi, tambi, kipande cha nguru. Sahani hairudi tupu, kwa hiyo nasi Krismasi na Pasaka tulimpelekea keki ya mayai aliyoipenda. Mama yangu alipougua, Bi Ruzuna ndiye aliyemwosha, siku kumi na moja, bila kuombwa.

Nilimpenda mwanamke yule, na nilitaka kumwambia kilichokuwa moyoni mwangu. Padri wetu alikuwa amehubiri kwamba Mkristo awe baraka kwa jirani yake katika kazi ya kila siku, wala asione haya, na maneno yale yaliniingia kama maji ya moto. Lakini nikifika mlangoni kwake na maneno yangu nimeyapanga vizuri, mdomo ulitoa "shikamoo", halafu ukatoa "leo joto", halafu nikarudi nyumbani na sahani yangu nikiwa nimejichukia. Ndugu zangu, sijaona kinywa kizito kama changu mbele ya mtu mwema.

Nikapata njia ya mwoga. Kila nyumba niliyopiga lipu, kabla ya kuifunika kwa niru, nilichora kwa kidole gumba msalaba mdogo katika lipu mbichi, mstari wa kusimama na mstari wa kulala, na mdomoni nikanong'ona dua kwa ajili ya nyumba ile. Kisha nikaifunika. Hakuna aliyejua. Miaka mitatu nilitembea katika vichochoro vya mji nikizitazama kuta na kujiambia: hapo pana baraka, na hapo, na pale. Nikajiona mtume. Mtume wa kupaka chokaa juu ya ujumbe wake!

Mwaka huo binti wa Bi Ruzuna, Asya, akaposwa. Mambo yakawa mazuri. Harusi iliwekwa Ijumaa ya pili baada ya Idi, na bwana harusi angekuja kukaa fungate, zile siku saba za mwanzo, nyumbani kwa bibi harusi kama ilivyo ada. Chumba cha fungate kikahitaji lipu mpya. Kazi ikaja kwetu, na Fundi Gabrieli akawa amelala na homa, kwa hiyo kazi ikawa yangu peke yangu. Nilikuwa nimechelewa. Mawingu ya masika yalikuwa yameshajipanga upande wa bara. Lipu ya kwanza ilikuwa bado mbichi. Na kule dukani palikuwa na saruji, imefungwa vizuri katika mfuko wa karatasi.

Nilitia kidogo. Viganja vitatu kwa karai, katika lipu ya juu na hata katika niru, ili ishike upesi. Na kwa kuwa kilikuwa chumba cha Asya, na mama yake ni Bi Ruzuna, sikuchora msalaba mmoja. Nilichora ukuta mzima, mmoja kila hatua, kila mmoja na dua yake. Nikatandaza ile ngozi ya saruji juu yake. Ulipendeza kama sahani ya kaure.

Ramadhani nzima mvua ilinyesha. Ukuta ukanywa kutoka nje, na kwa ndani ukakuta mdomo umezibwa. Mnaojenga kwa saruji juu ya mawe ya pwani, sikilizeni: maji hayakubali kufungiwa. Yatatafuta njia, na njia yenyewe ni lipu yako.

Jumatatu kabla ya harusi, shangazi wa bwana harusi, Bi Zeyana, alikuja na wanawake wanne kutengeneza chumba. Walileta kitanda, kioo na chandarua. Chandarua kikahitaji msumari. Pigo la tatu la nyundo likaliangusha tabaka la juu lote, kutoka juu hadi usawa wa kiuno, likashuka kama shuka inayovuliwa kitandani.

Nilikuwa naosha zana nje ya chumba chetu niliposikia ukelele. Kisha sauti ya Bi Ruzuna, ndogo, nisiyoijua: "Danieli."

Nilisahau hata kusema naam.

Fundi Gabrieli, aliyekuwa ameshapona, aliitwa pia. Tulipiga hodi, tukangoja wanawake wavute buibui zao, tukaingia. Vumbi lilikuwa bado linaelea. Ukutani, safi kama vile nimeichora asubuhi ile, ilikuwapo misalaba yangu, na unyevu ulikuwa umeitia weusi.

"Saba!" Bi Zeyana alikuwa anasema, kidole juu. "Hesabuni. Saba! Siku za fungate saba, na alama saba! Ndo maana mwanetu haskii la mtu. Kila akinasihiwa, Asya, Asya. Kumbe kafungwa ukutani!"

"Zeyana, mche Mungu," alisema Bi Ruzuna.

"Mie namcha. Asomcha ni aliyeweka vitu hivi. Kago hili la uchawi limetoka wapi? Nani kalichanja? Wallahi mwanetu halali humu, wala hapa haolewi mtu. Nakwenda kumwambia kaka yangu."

"Zeyana, nakuapia sijui."

"Ukuta wako, nyumba yako, na hujui?"

Ningeweza kunyamaza. Naomba mlielewe hilo kabla hamjanihukumu kwa wema. Uchawi hauna sahihi. Ningefunika, mganga angeitwa kulizindua na kuliondoa lile kago, harusi ingevunjika, Asya angebaki na jina la msichana aliyetaka kuozwa kwa uchawi, na mimi ningeendelea kuitwa fundi. Nilisimama nikitazama karai langu. Fundi Gabrieli alisogea ukutani, akainamisha kichwa, akapitisha ukucha katika msalaba mmoja. Kidole gumba changu cha kulia kilipondwa na jiwe nilipokuwa mdogo. Kina kovu, na kovu lile limeacha mfereji wake katika kila mstari niliochora.

Alirudi, akasimama karibu nami, akasema kwa sauti ya chini, "Sema wewe. Nikisema mimi, hushiki tena mwiko wangu."

"Ni mimi," nikasema.

Bi Zeyana aligeuka. "Weye nini?"

"Nlizichora mie, bibi. Si kago. Ni misalaba."

Mmoja wa wale wanawake alisema taratibu, "Misalaba! Chumbani kwa bibi harusi wa Kiislamu," na mwenzake akamkanyaga mguu.

"Nani kakutuma?" akauliza Bi Zeyana.

"Hakuna."

"Hakuna? Umeamka tu asubuhi, ukasema leo nende nkamharibie Ruzuna harusi?"

"Nlitaka kuwabariki."

"Kutubariki!" Alicheka kicheko kikavu. "Ruzuna, umesikia? Tumebarikiwa."

Bi Ruzuna hakucheka. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda kipya, mikono mapajani, ananitazama kama anavyotazamwa mtu aliyeingia bila hodi.

"Danieli," alisema. "Ramadhani ngapi nakupa futari kwa mkono wangu?"

"Nyingi, Bi Ruzuna."

"Mamako kaugua, nani kamwosha?"

"Weye."

"Basi ulipokuwa na jambo la kunambia, mdomo wako ulikuwa na nini?"

Fundi Gabrieli alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili, akasema, "Bi Ruzuna, na weye Bi Zeyana, mtoto huyu ni wa mikono yangu. Kakosa mara mbili, kwa ukuta na kwa watu. Radhi naomba mie." Ilikuwa ni kama siku ile ya kata, ila safari hii sikuvumilia kumwona anaomba kwa ajili yangu. Nikasema, "Fundi, wacha. Nitaomba mwenyewe."

"Kuomba radhi baadaye," alisema Bi Zeyana. Alikuwa ameacha kunyoosha kidole. "Mie nataka kujua jambo moja. Kago huchorwa kwa maneno. Weye ulipokuwa ukichora, ulisema nini?"

"Nliomba dua."

"Dua gani? Sema. Na usinipambie, ntajua."

Miaka mitatu nilikuwa nimezisema dua zile kwa minong'ono, mbele ya chokaa, na sasa nilitakiwa kuzisema kwa sauti mbele ya wanawake sita, mmoja wao akiwa na harusi ya binti yake mikononi mwangu. Nikatazama msalaba wa kwanza, ule wa karibu na dirisha, nikasema nilichosema siku ile.

"Mola, watakaolala humu uwape mapenzi."

Nikahamia wa pili.

"Uwape watoto wazima. Asya akiwa na uchungu, usiwe mbali naye. Ugomvi ukiingia humu, usikae mpaka asubuhi. Mume akisafiri, mrudishe. Bi Ruzuna aliyetulisha, azeeke anatazamwa." Nikahamia wa mwisho. "Na mimi unipe ulimi nimwambie ninavyompenda, na kwamba nimejifunza kupenda kwa Yesu. Amina."

Bi Zeyana alizihesabu dua zile kwa vidole. Kisha akauliza, "Ndo hayo tu?"

"Ndo hayo tu, bibi."

"Yote saba?"

"Yote saba."

Alimtazama Bi Ruzuna, na Bi Ruzuna alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya buibui. Bi Zeyana akanigeukia na hasira mpya kabisa, hasira ambayo sijaona mfano wake, ya mtu aliyenyimwa kitu ambacho ni haki yake.

"Maneno mazuri namna hii, umeyafukia ukutani kama mwizi anayeficha bangili! Kwani sie hatuna masikio? Ungesimama mlangoni ukaomba, n'nani angekufukuza? Msalaba sitaki, huo ni wako, kaa nao. Lakini kumuombea mtu mema kwa siri kana kwamba ni fitina! Mtu mzima weye!"

"Nisamehe, bibi."

"Kamwombe Ruzuna." Akapaaza sauti kuelekea chumba cha pili, ambako bibi harusi alikuwa amewekwa ndani asionwe na mtu. "Asya! Umesikia?"

Nyuma ya pazia bangili zililia. Kisha sauti ya msichana, nyembamba, imelowa machozi: "Nimesikia, shangazi. Amin."

Bi Ruzuna aliinuka kitandani. Alipita mbele yangu bila kunigusa, akauwekea mkono ukuta, akapima unyevu wake kama anayepima homa. "Hautakauka kabla ya Ijumaa," alisema.

"Hautakauka," Fundi Gabrieli akakubali. "Chokaa ya kweli inataka wiki nyingi."

"Basi tutatundika kanga," alisema Bi Zeyana, na tayari alikuwa anawahesabia wenzake nani alete ngapi na za rangi gani. "Kanga mpya, doti nane, ukuta mzima. Ijumaa iko palepale. Na weye," akaninyooshea kidole, "unangoja nini? Bomoa."

Nikachukua tindo na nyundo, nikaanza na msalaba ule wa karibu na dirisha.